Maisha ya Marehemu Jaji Badruddin Tyabji wa Bombay

Katika kijitabu cha ukumbusho kama hiki ni ada njema kuwakumbuka wazee wa mji wetu waliotangulia mbele ya haki. Lakini si vibaya pia kutupa macho mbali kidogo, tukatazama Waislamu wa nchi nyingine ambao mashaka yao yalifanana na yetu, tukaona walivyoyakabili. Mmoja katika hao ni marehemu Jaji Badruddin Tyabji wa Bombay, mji ambao leo unaitwa Mumbai. Hakuwa mfalme wala jemadari wa vita. Alikuwa wakili, kisha akawa jaji. Na baina ya kazi ya mahakama na shughuli za nyumba yake alipata wasaa wa kuwahangaikia watoto wa Kiislamu ambao hakuwazaa yeye. Imepita zaidi ya miaka 100 tangu alipofariki, na shule aliyoshiriki kuianzisha ingali ikisomesha.

Badruddin alizaliwa Bombay tarehe 10 Oktoba 1844. Baba yake, Mulla Tyab Ali, alikuwa mfanyabiashara wa jamaa ya Mabohora wa Sulaimani, ambaye asili yake ni mji wa bandari wa Cambay katika nchi ya Gujarat. Mzee huyu alikuwa na jambo moja lililomtofautisha na matajiri wenziwe. Wenzake walipowaza urithi wa watoto wao waliwaza maduka, majahazi na nyumba za kupangisha. Yeye aliwaza elimu. Aliazimia kuwapeleka wanawe Ulaya kusoma, na azma hiyo akaitimiza, ijapokuwa wakati ule Waislamu wengi wa Bara Hindi waliiona elimu ya Kizungu kuwa mlango wa kutokea katika dini.

Tusiwalaumu upesi watu wa zama zile. Kwa karne nyingi Waislamu ndio waliokuwa watawala wa sehemu kubwa ya nchi ile, na Kifarsi ndicho kilichokuwa lugha ya dola na mahakama. Katika mwaka wa 1837 Waingereza walikiondoa Kifarsi katika mahakama zao. Na baada ya maasi makubwa ya 1857 walimwondoa mfalme wa mwisho wa Delhi, Bahadur Shah, wakampeleka uhamishoni Rangoon. Basi kwa Mwislamu wa siku zile, kumpeleka mtoto katika shule ya Kiingereza kulikuwa kama kumkabidhi kwa yule yule aliyempokonya ufalme. Chuki hiyo ilikuwa na sababu. Lakini ilileta hasara kubwa, kwa kuwa watu wa dini nyingine walijaza madarasa, kisha wakajaza afisi na mahakama, na Waislamu wakabaki nje wakihesabu sifa za mababu.

Mtoto Badruddin alianza masomo yake katika madrasa, akajifunza Kiurdu na Kifarsi, kisha akaingia katika chuo cha Elphinstone hapo hapo Bombay. Ndugu yake mkubwa, Camruddin, alikuwa amekwisha kwenda Uingereza kusomea sheria, na katika mwaka wa 1858 akawa Mhindi wa kwanza kupokewa kule katika daraja ya mawakili watayarishao kesi. Naye Badruddin, macho yake yakiwa na udhaifu, alipelekwa Ufaransa kutibiwa. Na katika mwaka wa 1860, akiwa kijana wa miaka 16, akaingia shule London. Baadaye, katika mwaka wa 1863, aliandikishwa katika chama cha mawakili kiitwacho Middle Temple.

Macho hayakumwacha. Mwishoni mwa 1864 yalimdhoofisha hata ikambidi kuyakatiza masomo na kurudi kwao. Mtu mwingine angesema kwamba Mungu hakumwandikia elimu hiyo, akafungua duka. Yeye alikaa nyumbani yapata mwaka mmoja, akaoa, kisha akapanda meli tena kurudi London. Katika Aprili 1867 alipata daraja ya barista, yaani wakili mwenye ruhusa ya kusimama na kutetea mbele ya Mahakama Kuu; na kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa Bombay, barista wa kwanza aliye mwananchi katika Mahakama Kuu ya mji ule. Mbele yake mabarista wote wa hapo walikuwa Wazungu. Alipata wateja na heshima kwa bidii yake, akawa miongoni mwa mawakili mashuhuri wa Bombay.

Hapo ndipo maisha ya watu wengi waliofanikiwa yanapoishia: mtu ana jina, ana mali, ana nyumba nzuri, basi. Badruddin alitazama upande wa pili. Waislamu wa Bombay walikuwa wengi, lakini kila kundi lilikaa peke yake: Wakonkani, Wamemoni, Makhoja, Mabohora, Wadekani na Wairani. Lugha zao mbalimbali, madhehebu zao mbalimbali, misikiti yao mbalimbali. Na hapakuwa na jambo moja la dunia walilolifanya pamoja. Matajiri walikuwapo, na sadaka zilitoka kwa wingi. Lakini ya mtoto wa Kiislamu aliyetaka kusoma hesabu, sheria au utabibu pasina kuiacha dini yake ilikuwa shida kubwa.

Katika mwaka wa 1874 Badruddin, pamoja na ndugu yake Camruddin na Waislamu wengine wa mji, miongoni mwao tajiri Nakhuda Muhammad Ali Rogay wa jamaa ya Wakonkani, waliunda jumuiya iliyoitwa Anjuman-i-Islam. Jina lake maana yake ni Jumuiya ya Kiislamu, wala halikutaja kabila wala madhehebu ya mtu. Na jina hilo lilikuwa ndilo shabaha yenyewe. Ilichukua miaka sita ya mikutano, ya kuchangisha fedha na ya kubisha hodi serikalini, ndipo katika mwaka wa 1880 shule ilipofunguliwa. Ilianza kwa udogo. Ndani yake mtoto alisoma Kurani na lugha za dini yake, na alisoma Kiingereza, hesabu na elimu nyingine zilizotakiwa katika mitihani ya serikali.

Badruddin alikuwa katibu wa jumuiya hiyo, na baadaye, katika mwaka wa 1890, akawa rais wake, cheo alichokuwa nacho hata alipofariki. Wenye kujua kazi za jumuiya wanafahamu ukatibu ni nini. Ni kuandika barua zisizojibiwa na kuziandika tena. Ni kumkumbusha tajiri ahadi aliyoitoa mbele za watu. Ni kuiomba serikali na Manispaa msaada wa fedha kwa hoja zisizokataliwa kwa urahisi. Ni kupatanisha wajumbe waliogombana. Wakili aliyelipwa vizuri kwa kila saa aliyosimama mahakamani alitoa saa zake kwa kazi hiyo bila ya malipo. Mwisho wake shule ilipata jengo lake kubwa la mawe, ambalo msingi wake uliwekwa mwaka wa 1890 na likafunguliwa mwaka wa 1893, likielekea kituo kikuu cha reli cha Bombay. Maelfu ya wasafiri walioshuka katika treni waliliona mbele ya macho yao, wakajua kuwa Waislamu wa mji huu nao wamejenga.

Bwana Badruddin hakuwa mtu wa jamaa yake peke yake. Katika mwaka wa 1871 aliingia katika mbio za kutaka wenye mji wapewe haki ya kuwachagua wajumbe wa Manispaa, na katika 1873 yeye mwenyewe akachaguliwa. Tangu 1875 alikuwa mjumbe katika baraza la Chuo Kikuu cha Bombay. Katika 1882 aliteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria la Bombay, akakaa humo mpaka 1886 afya ilipomtoa. Na ilipozuka zogo kubwa mwaka wa 1883 juu ya mswada wa kuwaruhusu mahakimu wa Kihindi kuwahukumu Wazungu, alisimama pamoja na marafiki zake wawili, Pherozeshah Mehta, aliyekuwa Mparsi, na Kashinath Telang, aliyekuwa Mbaniani, kuutetea mswada ule. Watatu hao, kila mmoja na dini yake, walikuwa kama mafiga ya mji wa Bombay. Na katika 1885 wakaanzisha chama cha siasa cha jimbo lao.

Mwisho wa mwaka huo huo wa 1885 ndipo Kongresi ya Taifa la India ilipofanya mkutano wake wa kwanza Bombay. Kati ya wajumbe 72 waliohudhuria, Waislamu walikuwa wawili tu. Miaka miwili baadaye, katika Desemba 1887, wajumbe yapata 600 walikusanyika Madras, na kiti cha urais akapewa Badruddin Tyabji. Rais wa kwanza alikuwa Mbaniani na wa pili Mparsi. Yeye alikuwa Mwislamu wa kwanza kukalia kiti hicho. Aliwaeleza wajumbe kuwa haoni sababu ya Waislamu kujitenga na wananchi wenzao katika mambo yanayowahusu wote, kama vile kodi, kazi za serikali na haki mbele ya sheria.

Lakini siku zile zile, katika mji wa Lucknow, Mwislamu mwingine mkubwa alikuwa akisema kinyume chake. Huyo ni Sayyid Ahmad Khan, mwanzilishi wa chuo cha Aligarh, ambaye hapana Mwislamu wa Bara Hindi aliyemshinda kwa juhudi ya kueneza elimu. Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Alisema kwamba Waislamu ni wachache na wako nyuma katika masomo. Ikiwa viti vya mabaraza vitatolewa kwa kura, na kazi za serikali kwa mitihani, watashindwa kila mara. Kwa hiyo wasome kwanza, na siasa waiache. Waislamu wengi wakamfuata. Huko Calcutta pia, viongozi kama Ameer Ali hawakukubali kujiunga na Kongresi.

Hapa tunaona watu wawili wenye nia moja ya kheri, wote wapenzi wa elimu, wamefarikiana katika jambo kubwa. Katika miezi ya mwanzo ya 1888 waliandikiana barua. Badruddin hakumtukana mzee yule wala hakumwita msaliti. Alikiri kuwa Waislamu wako nyuma, na kuwa hofu yao ni ya kweli. Lakini dawa yake ilikuwa nyingine: alisema kuwa anayeogopa kuonewa ndani ya baraza haokoki kwa kukaa nje ya mlango, bali aingie akasimamishe haki yake humo humo. Naye hakuishia katika maneno. Alitaka Kongresi ifunge kwa kanuni kwamba jambo lolote ambalo Waislamu kwa jumla wanalikataa, au Mabaniani kwa jumla wanalikataa, lisijadiliwe mkutanoni. Na katika mkutano wa Allahabad wa 1888 azimio la namna hiyo likapitishwa.

Hata hivyo upinzani ulizidi. Badruddin aliona kwamba mkutano uliokusudiwa kuwaunganisha watu umeanza kuwatenga. Basi katika Oktoba 1888 alimwandikia Bwana Hume, katibu wa Kongresi, akatoa shauri zito: kwamba baada ya mkutano wa Allahabad mikutano isimamishwe kwa miaka mitano, ili watu wapate kuelewana. Haya aliyasema mtu ambaye mwaka mmoja kabla yake alikuwa rais wa mkutano huo huo. Shauri lake halikufuatwa, naye hakuiasi Kongresi kwa sababu hiyo. Alibaki rafiki yake. Tukihesabu kwa mizani ya ushindi tutasema kwamba katika jambo hili hakufaulu: Waislamu wengi hawakumfuata, na wenziwe wa Kongresi hawakumsikiliza. Lakini heshima yake haikupungua kwa kila upande, kwa kuwa hapana aliyemwona akisema hili hapa na lile kule.

Katika mwaka wa 1895 alifanywa jaji wa Mahakama Kuu ya Bombay, Mwislamu wa kwanza kupata daraja hiyo katika mahakama ile. Kwa sisi wa Afrika ya Mashariki mahakama hiyo si ngeni. Katika miaka ile rufani kutoka mahakama ya Waingereza iliyokuwa Unguja zilivuka bahari zikaenda kusikilizwa Bombay. Na wafanyabiashara wengi wa pwani yetu waliotoka Gujarat na Kutch walijua ya kuwa neno la mwisho katika daawa zao huenda likatoka huko.

Mwaka wa 1897 ulimletea mtihani. Bal Gangadhar Tilak wa Poona, kiongozi wa Mabaniani na mwenye magazeti, alishtakiwa na serikali kwa uchochezi. Maombi yake ya dhamana yalikataliwa na hakimu, kisha yakakataliwa katika Mahakama Kuu yenyewe. Ndipo yakaletwa mbele ya Jaji Tyabji. Tukumbuke kuwa miaka minne tu kabla yake Bombay ilimwaga damu katika fujo za Waislamu na Mabaniani, na kwamba Waislamu wengi hawakumpenda Tilak. Serikali iliyomweka Badruddin katika kiti nayo haikutaka mtu huyo atoke. Yeye akatazama sheria tu: mshtakiwa hajahukumiwa, yampasa apate nafasi ya kutengeneza utetezi wake, na hapana shaka kwamba siku ya kesi atahudhuria. Akampa dhamana. Tilak alihudhuria, akahukumiwa na jaji mwingine kifungo cha miezi 18. Dhamana haikumwokoa na kifungo. Lakini iliwaonyesha watu kwamba Mwislamu aliyekaa katika kiti cha hukumu hakuuliza dini ya mtu aliyesimama mbele yake. Katika 1902 alikaimu kiti cha Jaji Mkuu, Mhindi wa kwanza kufanya hivyo Bombay.

Limebaki jambo moja lililomletea lawama kwa watu wake, nalo ni elimu ya wanawake. Badruddin hakuipinga stara, maana stara ni amri ya dini. Alichokipinga ni kutawishwa kupita kiasi, mwanamke akafungiwa ndani hata asijue kusoma, asipate hewa njema wala asijue kinachopita nje ya dirisha lake; na hilo aliliona kuwa ni ada ya nchi iliyozidi mpaka wa sheria. Naye alianzia kwake, kama ipasavyo. Binti zake wote aliwasomesha Bombay, na katika 1904 wawili katika hao aliwapeleka Uingereza katika shule ya bweni ya Haslemere. Wako waliosema kwamba amevuka mpaka. Hakujibizana nao sana, aliendelea kusomesha.

Katika Desemba 1903 Mkutano wa Elimu wa Waislamu wa India ulikutana Bombay, na Badruddin akaombwa awe rais wake. Mkutano huo uliasisiwa na Sayyid Ahmad Khan mwaka wa 1886, naye alikuwa amefariki mwaka wa 1898. Hivyo wanafunzi na wafuasi wa mzee yule walimkalisha katika kiti cha heshima mtu aliyepingana naye. Badruddin hakuficha kwamba katika habari ya Kongresi angali na rai yake ya zamani, na alizungumza waziwazi juu ya kusomesha wasichana. Walimsikiliza. Tofauti ya siasa ilibaki, walakini juu ya shule wote walikuwa kitu kimoja.

Afya yake ilikuwa imekwisha kudhoofika. Alikwenda Uingereza, na huko London, katika Agosti 1906, moyo wake ulisimama ghafula, akafariki akiwa na miaka 61. Maiti yake ilirudishwa Bombay ikazikwa huko. Mwezi Desemba wa mwaka ule ule chama cha Muslim League kiliundwa Dacca, na njia ambayo Badruddin aliihofia ikazidi kuwa pana, hata nchi ile ikagawanyika mwaka wa 1947. Hatuwezi kusema kwamba lau angaliishi mambo yangalikuwa mengine; mambo hayo yalikuwa makubwa kuliko mtu mmoja.

Lakini tunaweza kusema hili. Katika mambo mawili aliyoyatumikia, moja lilikuwa mikononi mwa watu wengi, nalo halikwenda alivyotaka. La pili lilikuwa mikononi mwake na mwa wenziwe, nalo likasimama. Anjuman-i-Islam iliyoanza na shule moja leo ina makumi ya shule na vyuo, vya wavulana na vya wasichana, vya ufundi na vya elimu ya juu, na wanaosoma humo wanatoka katika kila kundi la Waislamu wa Bombay na hata katika dini nyingine. Mtoto wa Kimemoni na mtoto wa Kikonkani wanakaa dawati moja, wala hawajui kwamba hapo zamani ilihitajika miaka sita ya mikutano ili baba wa baba zao wakubali kukaa chumba kimoja.

Sisi nasi tuna makundi yetu, na misikiti yetu, na mabishano yetu. Na mara nyingi twalalamika kuwa watoto wa wenzetu wametutangulia. Malalamiko hayo huenda yakawa ya haki, kama yalivyokuwa ya Waislamu wa Bombay. Tofauti ni kwamba wao walipokwisha kulalamika waliteua katibu, wakafungua daftari la michango, wakatafuta kiwanja. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu Badruddin Tyabji na wote walioshirikiana naye, naye atujaalie na sisi kuwaachia watoto wetu kitu kinachosimama. Amin.